George Smith: Mkulima aliyelinda leseni yake kwa bastola

WANYWAJI wa wiski duniani kote wanalifahamu jina la Glenlivet. Wasiojulikana sana ni waliolijenga, na wa kwanza wao ni mkulima aliyelima shamba la kupanga, George Smith, aliyezaliwa mwaka 1792 katika bonde hilo la milimani, kaskazini mwa Uskoti.

Wakulima wa bonde hilo walilima shayiri, na sehemu yake waliiotesha ikawa kimea. Kimea hicho walikikausha kwa moto wa peti, yaani udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa mithili ya matofali na kuanikwa hadi ukauke. Moshi wake hubaki ndani ya kinywaji. Ukizidi, hufunika ladha nyingine zote. Ukiwa kidogo, mwonjaji hunusa kwanza harufu ya matunda na asali, kisha moshi humfikia kwa mbali, hasa akidondosha maji kidogo ndani ya glasi. Kwa ulaini wake, wiski ya Glenlivet ilisifika. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, ndiyo aliyoandaliwa, ingawa ilikuwa ya magendo.

Kwa nini bidhaa nzuri iwe ya magendo na ya halali iwe mbaya? Jibu ni kodi. Kwa miaka mingi viwanda vya kusini vilitozwa kwa ukubwa wa mtambo, si kwa kiasi kilichozalishwa. Vikapika harakaharaka ili kufidia, na ladha ikaharibika. Mkulima wa milimani, ambaye mtambo wake mdogo ulipigwa marufuku, alipika mafichoni polepole na kwa kimea kitupu.

Duke wa Gordon, mwenye ardhi aliyompangisha Smith, aliwataka wabunge wenzake walegeze masharti. Sheria ya mwaka 1823 ikaweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka, pamoja na ushuru kwa kila galoni iliyotoka. Kuanzia hapo mtengenezaji mdogo aliweza kupika taratibu na bado akafuata sheria.

Mwaka 1824 Smith akawa wa kwanza katika bonde lake kuchukua leseni, katika shamba lake la Upper Drumin. Majirani walimwona msaliti. Kama mwenzao angelipa ushuru na kufanikiwa, wao wangejificha kwa kisingizio gani? Wakatishia kuchoma kiwanda, naye akiwa ndani. Hayakuwa maneno matupu, kwani kiwanda kingine kipya, kwenye kingo za Mto Dee, kiliteketezwa. Mwenye ardhi wa Aberlour alimpa Smith bastola mbili, naye alitembea nazo kiunoni kwa miaka kadhaa huku akilinda mali yake usiku na mchana.

Uvumilivu ulilipa. Mwenye leseni aliweza kuuza mchana kweupe, kupata wakala mjini na kupanua kazi. Mwaka 1853 mfanyabiashara Andrew Usher wa Edinburgh alitoa wiski ya mchanganyiko iliyobeba jina la Glenlivet. Mwishoni mwa miaka ya 1850 Smith alihamia kiwanda kikubwa zaidi huko Minmore. Alifariki dunia mwaka 1871.

Hata hivyo, sifa ilileta tatizo jipya. Viwanda vingine vilianza kutumia jina la Glenlivet, hata vilivyokuwa mbali na bonde hilo. Mwanawe, John Gordon Smith, alilifikisha suala hilo mahakamani. Mwaka 1884 ilikubaliwa kuwa yeye peke yake atumie jina The Glenlivet, na wengine waliunganishe na majina yao wenyewe.

Kwa anayesindika mazao yake, maisha ya Smith yana funzo. Ubora alikuwa nao tangu enzi za magendo, lakini haukumpa soko la uhakika. Leseni ndiyo iliyomfungulia soko, na jina lililolindwa kisheria ndilo lililowaachia warithi wake mali. Gharama ya kutangulia aliibeba mwenyewe.