Duke Kahanamoku: Kijana wa Ufuoni Aliyewafunza Walimwengu Kupanda Mawimbi

Siku ya pili ya Idd ya Mfungo Tatu iliyopita niliwapeleka wanangu ufuoni hapa Malindi. Kusi lilikuwa limeshika na bahari imechafuka. Wenyeji mnajua kuwa ghuba yetu haina mwamba wa kuyavunja mawimbi kwa mbali kama ilivyo Nyali au Diani, kwa hivyo kusi likivuma, mawimbi hufika mpaka mchangani. Mtoto wa watu, wa miaka tisa hivi, akachukuliwa na mkondo. Sisi watu wazima tulibaki kupiga makelele. Aliyeingia majini ni kijana mmoja katika hawa tunaowaita mabichi boi, na ubao wake wa kupandia mawimbi mkononi. Alimfikia mtoto, akamlaza juu ya ubao, akarudi naye akiwa hai.

Mtoto alipelekwa kwao, sisi tukarudi kwenye sinia zetu za biriani, na hapana aliyemuuliza kijana yule jina lake. Mimi nami nilinyamaza, tena kwa haya. Miaka michache nyuma niliandika makala nikawaita vijana hao wavivu wanaotia doa jina la mji wetu. Usiku ule usingizi haukunijia. Nikamkumbuka mtu ambaye habari zake nilizisoma zamani, nikiwa chuoni nasomea diploma ya utalii. Leo nataka niwasimulie maisha yake, kwani naye alikuwa kijana wa ufuoni.

Jina lake Duke Kahanamoku. Alizaliwa Honolulu tarehe 24 Agosti 1890, katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Jina hilo la Duke liliwapoteza wengi, maana kwa Kiingereza ni cheo cha heshima. Kwake lilikuwa jina tu alilorithi kwa babake. Mzee huyo alipewa jina hilo kwa sababu ya mwana wa mfalme wa Uingereza, Duke wa Edinburgh, aliyezuru Hawaii mwaka 1869. Baba mwenyewe alikuwa askari polisi. Nyumbani walikuwa watoto tisa, nao walikulia Kalia, karibu na ufuo wa Waikiki, kwa jamaa za upande wa mama.

Watu wa Hawaii ni wana wa bahari kama sisi. Mitumbwi yao ina matengo ya kuishikilia isipinduke, na wataalamu wa historia ya vyombo wanasema ngalawa yetu ina nasaba moja na vyombo hivyo, kupitia mabaharia wa kale waliotoka pande za Asia ya Kusini Mashariki, wengine wakaelekea Pasifiki na wengine wakaja Bukini. Kupanda mawimbi kwa ubao kulikuwa mchezo wao wa jadi. Walicheza wafalme na raia, wanaume na wanawake. Kisha wakaja wageni. Kuanzia 1820 wamisheni kutoka Marekani waliuona mchezo huo kuwa ni upuuzi wa watu walio nusu uchi. Maradhi yaliyoletwa na meli nayo yakawapukutisha wenyeji kwa maelfu. Duke alipokuwa na miaka miwili, Januari 1893, malkia wao Liliuokalani alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara wenye asili ya kigeni. Mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa vyote. Duke akakulia katika nchi ambayo mwenyeji amegeuzwa mgeni kwao.

Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Duke na wenzake hawakuiacha yao. Shule hakuimaliza, lakini baharini alikuwa mwanachuoni. Ubao wake ulikuwa wa futi 16, uzito wa ratili 114, umechongwa kwa mti wa koa wa huko kwao. Wazungu walioanza kuupenda mchezo huo waliunda klabu yao, na wenyeji nao wakaunda yao, Hui Nalu, yaani klabu ya mawimbi. Duke na wenzake waliwapokea wageni wa hoteli, wakawafunza kuogelea, wakawapandisha mitumbwini na juu ya mbao. Kwa lugha ya leo, walikuwa mabichi boi.

Tarehe 11 Agosti 1911 kulifanyika mashindano ya kuogelea katika bandari ya Honolulu. Duke aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4, akaipita rekodi ya dunia kwa sekunde 4.6. Waliopima walipima tena na tena umbali ule. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa, lakini wakubwa wa mchezo huo waliokuwa Marekani bara waliikataa rekodi. Walisema saa huenda zilikuwa mbovu, au mkondo wa maji ulimsukuma. Hawakuweza kuamini kuwa kijana wa visiwani, asiyepata mwalimu wala bwawa, angewashinda mabingwa wao.

Watu wa Honolulu wakachanga fedha za safari. Duke akapanda meli, akaenda kujionyesha mwenyewe katika maji baridi ya mabwawa ambayo hakuyazoea. Mwaka uliofuata, 1912, alikuwa Stockholm kwenye Michezo ya Olimpiki, akachukua dhahabu ya mita 100 na fedha ya mbio za kupokezana. Michezo ya 1916 ilivunjwa na vita. Mwaka 1920 akarudi Antwerp, akiwa ametimiza miaka 30, akatwaa dhahabu mbili. Mwaka 1924 mjini Paris alishindwa na kijana Johnny Weissmuller, yule aliyekuja kuigiza Tarzan kwenye sinema. Duke alikuwa wa pili, na wa tatu ni mdogo wake, Samuel.

Hata hivyo, medali si sababu ya mimi kumtaja leo. Kila alipokwenda, Duke aliitembeza mila ya kwao. Desemba 1914 alifika Sydney, Australia. Alichagua mbao za msonobari, akajichongea ubao, akaupanda mawimbini katika ufuo wa Freshwater huku watu wamejaa wakitazama. Baadaye alimchukua msichana wa huko, Isabel Letham, aliyekuwa na miaka 15, akapanda naye wimbi juu ya ubao mmoja. Ubao ule umehifadhiwa Freshwater hadi leo, na Waaustralia, ambao sasa ni miongoni mwa mabingwa wakubwa wa mchezo huo, humtaja Duke kama mwalimu wao. Huko California nako ni hivyo hivyo. Na nyumbani Waikiki, mwaka 1917, alipanda wimbi moja kubwa lililombeba zaidi ya maili moja mpaka pwani.

Sasa nifike kwenye lile lililonikosesha usingizi. Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1925 Duke alikuwa ufuoni Corona del Mar, kusini mwa California. Bahari ilikuwa imechafuka vibaya. Mashua ya wavuvi iitwayo Thelma, yenye watu 29, ilikuwa ikijaribu kuingia bandarini, ikapigwa na mawimbi ikapinduka. Duke aliushika ubao wake akaingia. Alikwenda, akarudi na watu. Akaenda tena, akarudi. Alifanya hivyo mara tatu, peke yake akaokoa roho 8. Wenzake waliokoa 4. Watu 17 walikufa maji. Baada ya siku ile waokoaji wa huko walianza kuutazama ubao kwa jicho jingine, na leo ni chombo cha kazi ya uokoaji katika fuo nyingi za dunia. Sisi Waislamu tunafundishwa kuwa mwenye kuokoa roho moja ni kama ameokoa watu wote. Haya, hesabu mwenyewe msomaji.

Utadhani mtu kama huyo alikufa tajiri. Sivyo. Sheria za michezo za wakati ule zilimkataza mwanaolimpiki kulipwa kwa ubingwa wake, kwa hivyo Duke alisoma mita za maji. Hollywood walimpa vijisehemu vidogo katika sinema, mara mtumishi, mara chifu wa kabila fulani, kwa kuwa rangi yake haikuwaruhusu kumpa zaidi. Aliporudi kwao aliuza petroli kituoni. Wageni walikuja kujaziwa mafuta na bingwa wa dunia, wakapiga naye picha, wakaenda zao. Watu wengi walipata fedha kwa jina lake kuliko alizopata mwenyewe. Mwaka 1934 ndipo wananchi wa Honolulu walipomchagua kuwa sherifu wao, wakamrudisha kila uchaguzi mpaka cheo hicho kilipofutwa, zaidi ya miaka 25 baadaye. Mwaka 1940 alimuoa Nadine Alexander, na walikaa pamoja hadi mauti yake.

Miaka ya mwanzo ya 1960 ule mchezo wa wazee wake ukawa fasheni ya vijana wa California, ukazaa hata muziki. Kundi moja liliitwa Beach Boys, jina lile lile tunalolitumia hapa kutukania, na kati ya vijana wale ni mmoja tu, Dennis Wilson, aliyekuwa akipanda mawimbi kweli. Mwingine ni Dick Dale, aliyepiga gitaa kwa kasi ya ajabu. Wapenzi wa taarab mtafurahi kujua kuwa babake alikuwa na asili ya Lebanoni na ami yake alipiga udi. Wimbo uliompa sifa mwaka 1962, Misirlou, ni wa zamani wa upande wa mashariki ya Mediterania, na jina lake lina maana ya msichana wa Misri. Kwa hivyo muziki ule wa mawimbi, uliosikika kama wa Kimarekani mtupu, ulibeba sauti ambayo bibi zetu wangeitambua.

Duke aliyaona hayo yote akiwa mzee mwenye nywele nyeupe. Alifariki kwa moyo tarehe 22 Januari 1968, akiwa na miaka 77. Kwa desturi yao majivu yake yalipelekwa baharini Waikiki, na watu wakamsindikiza kwa mitumbwi na mbao. Mwaka 1990 wakamjengea sanamu pale pale ufuoni, na wageni huivika mashada ya maua kila siku. Kupanda mawimbi kuliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake.

Kuna jambo jingine la huko ambalo sisi Wapwani tulitie akilini. Kalia, alikokulia Duke, leo ni mahoteli marefu. Lakini sheria ya Hawaii inasema ufuo ni wa umma, na hakuna hoteli iwezayo kumfukuza mwenyeji mchangani. Katiba yetu ya 2010 nayo inasema kuwa ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Yameandikwa, lakini tembeeni mwone vichochoro vya kushukia pwani vinavyozibwa kuta, na vijana wanaofukuzwa kama mbwa mbele ya bahari ya babu zao.

Sisemi kila kijana wa ufuoni ni malaika. Wako wauza unga, wako wanaojiuza, na hilo tusilifiche. Lakini tumewachanganya wote tukawapa jina moja, kisha tunashangaa wanapolistahili. Kaunti zetu zinaweza kuwachukua wanaoijua bahari, zikawapa mafunzo ya uokoaji, sare, cheti na mshahara. Wazee nao wawafunze watoto kuogelea, kama Sayyidna Umar alivyousia. Watoto wangapi wanakufa maji kila msimu wa skuli kufungwa, wamezaliwa hatua mia kutoka baharini na hawajui kuelea?

Kuhusu yule kijana wa Idd, nilirudi ufuoni wiki iliyofuata kumtafuta. Nilimkuta anapaka nta ubao wake, ambao una mpasuko katikati alioufunga kwa gundi na kitambaa. Nikamsalimu, nikamwomba radhi kwa yale niliyoyaandika. Alicheka, akaniambia hakuwahi kuyasoma. Nikamuuliza jina lake, na safari hii nimeliandika. Tunakwenda pamoja ofisi ya kaunti Jumatatu, inshallah.