Okot p'Bitek na Matanga ya Muhula Mmoja

Mwandishi mwasi anapoaga dunia, hakosi waombolezaji. Waliompenda humlilia kwa dhati, waliomwogopa hushusha pumzi, na hata waliomfukuza kazini hutoa rambirambi zenye maneno matamu. Nilikumbushwa haya Mei 2025, Ngugi wa Thiong'o alipofariki nchini Marekani. Kwa siku kadhaa wanafunzi wangu hawakuwa na mazungumzo mengine. Kila mmoja alikuwa na picha ya marehemu katika simu yake, na kila mmoja alijitangaza kuwa mfuasi wake. Nilipowaomba wainue mikono wale waliosoma walau kitabu chake kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, mikono ilikuwa michache. Nilipouliza ni nani aliyewahi kuandika ukurasa mmoja tu kwa lugha ya mama yake, haukuinuka hata mmoja. Sikuwalaumu, maana wangu pia ulikuwa chini.

Siku hiyo nilimkumbuka mzee mmoja wa kwetu Shianda, pamoja na mwandishi ambaye mzee huyo alimwombolezea mwaka 1982, yaani Okot p'Bitek wa Uganda. Vijana wengi wa leo wamelisikia jina lake tu. Basi na tuyapitie maisha yake kwanza, kisha turejee Shianda.

Okot alizaliwa mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alikuwa mwimbaji na mcheza ngoma aliyesifika miongoni mwa Waacholi, na nyimbo za mama huyo ndizo zilizokuwa shule ya kwanza ya mwanawe. Alisoma Gulu, kisha King's College Budo. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 22, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, kuhusu kijana anayeondoka kwao kwenda kutafuta mahari na kurudi mikono mitupu. Riwaya hiyo aliiandika kwa Kiacholi. Ningependa msomaji aliweke jambo hilo akilini: mtu huyu hakuanza kwa Kiingereza na kisha kutubu. Alianzia nyumbani.

Alikuwa pia mwanasoka hodari. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza naye akiwemo. Wenzake waliporudi, yeye alibaki ili asome. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na hatimaye anthropolojia Oxford. Huko Oxford alikutana na wahadhiri waliozoea kuwaita Waafrika washenzi, darasani, bila haya. Alilalamika, wala hakusikilizwa. Ghadhabu hiyo aliihifadhi kwa miaka mingi, na mwaka 1970 akaitoa katika kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika katika taaluma ya Magharibi. Humo hakuwashambulia Wazungu peke yao. Aliwageukia pia wasomi wa Kiafrika, akiwemo John Mbiti wa hapa Kenya, akidai kuwa walikuwa wameivika miungu ya wazee wetu mavazi ya kuazima ili wageni waione kuwa na heshima. Tunaweza kumpinga katika hilo, na wengi wamempinga. Lakini tazama tabia ya mtu huyu: aliwapinga hata wale waliokuwa upande wake.

Kazi iliyomjengea jina ilitoka Nairobi mwaka 1966, ilipochapishwa na East African Publishing House kwa jina la Song of Lawino. Okot aliitunga kwanza kwa Kiacholi, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Matini ya Kiacholi haikuchapishwa hadi mwaka 1969, na mwaka 1975 ikapatikana tafsiri ya Kiswahili, Wimbo wa Lawino, iliyofanywa na Paul Sozigwa wa Tanzania. Lawino ni mke wa kijijini ambaye hakusoma. Mumewe, Ocol, amesoma hadi amemchukia. Humdharau kwa nywele zake, ngoma zake, jiko lake, na kwa kutojua kusoma saa. Ametafuta mwanamke mwingine, Clementine, anayejipaka poda na kupunguza mwili ili afanane na wazungu. Lawino hajitetei kwa hoja za vitabuni. Hutumia tusi, utani, methali na mafumbo, kama afanyavyo mwanamke yeyote wa Kiafrika aliyeudhiwa akasimama uani kwake na kuyasema yaliyomo moyoni. Mwaka 1970 Okot alimpa Ocol naye nafasi ya kujibu. Wapo wahakiki waliosema kuwa Lawino anaipamba jadi kupita kiasi, na kwamba ni mwanamume aliyemtia maneno hayo kinywani. Ni hoja nzito, na mwalimu anayefundisha kazi hii asiikwepe.

Okot hakuishia kwenye karatasi. Alianzisha tamasha la sanaa Gulu, na mwaka 1966 akateuliwa kuongoza Jumba la Taifa la Maonyesho jijini Kampala. Alileta ngoma za vijijini mahali palipozoea tamthilia za Kiingereza. Alikuwa na ulimi usiojua kuchuja, na mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya safari yake nchini Zambia, serikali ya Milton Obote haikumtaka tena. Alivuka mpaka akaja Kisumu, ambako alisimamia masomo ya watu wazima yaliyotolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa Kisumu pia.

Hapo ndipo maisha yake yanapoigusa Shianda. Mzee niliyemtaja alikuwa wakati huo mwalimu kijana wa shule ya msingi. Alitembea hadi Butere, akapanda gari la moshi, akashuka Kisumu, na huko akamsikia Okot akizungumza. Alinisimulia kuwa hakuwahi kumwona msomi anayecheka hivyo, wala anayeimba katikati ya mhadhara. Alirudi Shianda na nakala ya Song of Lawino, ambayo hadi nilipoiona ilikuwa imepoteza jalada na kurasa za mwanzo.

Okot aliendelea na safari yake. Alifundisha Nairobi hadi mwaka 1978. Mwaka 1971 alichapisha tungo mbili katika kitabu kimoja. Moja ni kilio cha mfungwa, uliochochewa na uchungu wa kuuawa kwa Tom Mboya mwaka 1969. Ya pili inamtetea malaya mbele ya wanaume wanaomtembelea usiku na kumhukumu mchana, na Okot aliliacha neno hilo la Kiswahili katika kichwa cha utungo wa Kiingereza. Kitabu hicho kilitunukiwa Tuzo ya Kenyatta ya Fasihi mwaka 1972, nchi ikipokea kwa shangwe matusi iliyotukanwa. Baadaye alikwenda Ife, Nigeria, na Idi Amin alipokwisha kung'olewa, akarejea Makerere. Alifariki Kampala Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Nchini Kenya hakukuwa na nafasi ya kumwomboleza ipasavyo. Mwezi uliotangulia, Juni 1982, Bunge lilikuwa limeifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria, na wahadhiri kadhaa, akiwemo mwanaisimu Al-Amin Mazrui, walikuwa wametiwa kizuizini. Wiki mbili hazikupita tangu Okot afe ndipo likatokea jaribio la mapinduzi la Agosti 1. Chuo Kikuu kilifungwa na wanafunzi wengi wakakamatwa. Waliokuwa wakimpenda Okot kuliko wote, yaani wanafunzi na walimu wa fasihi, wakawa na msiba wao wenyewe wa kushughulikia.

Shianda, mwalimu wetu alisikia habari za kifo hicho redioni. Sasa nieleze jambo ambalo wengi wa rika langu wanalijua kwa ngozi zao. Shuleni kulikuwa na kibao cha mbao kilichofungwa kamba, tulichokiita disiki. Aliyesikika akisema Kiwanga alivikwa shingoni, akakibeba hadi amnase mwenzake, na jioni wote waliokivaa walichapwa. Mwalimu huyu, ambaye usiku alimsoma Lawino hadi machozi yakamtoka, asubuhi ndiye aliyekitoa kibao hicho kabatini. Alinieleza kwamba usiku ule wa habari za kifo alijiona wazi kuwa yeye ni Ocol. Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu, kibao hakikutoka. Watoto walizungumza watakavyo uwanjani. Hayo ndiyo yaliyokuwa matanga yake kwa Okot, na sijui mhariri au profesa yeyote aliyemfanyia marehemu makubwa kuliko hayo.

Lakini matanga hayo yalidumu muhula mmoja. Wazazi walinung'unika kwamba watoto wao watashindwa mtihani wa Kiingereza. Wenzake shuleni wakamwona mtu wa kuharibu nidhamu. Januari 1983 kibao kikarudi. Miaka kadhaa baadaye mimi nami nilikivaa, kutoka mkononi mwa mwalimu huyo huyo. Aliponisimulia kisa hiki uzeeni mwake hakuomba radhi, nami sikuwa na haja ya kumdai. Alitazama chini kwa muda, akaniuliza kama watoto wangu wanasema Kiwanga. Nilimjibu kuwa hawakisemi. Huyo ni mhadhiri wa isimu aliyepata shahada ya uzamifu kwa kuchambua lugha za Kibantu.

Ndugu walimu na wanafunzi, simulizi hii inanishawishi kwamba kumlilia mwasi si kazi ngumu. Ugumu uko katika muhula wa pili baada ya kilio. Tangu mwaka 1976 Ripoti ya Gachathi ilipendekeza watoto wafunzwe kwa lugha za kwao katika miaka mitatu ya kwanza, na mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umelirudia wazo hilo. Sera hazijapungua. Kinachopungua ni uvumilivu wetu wazazi wanapoanza kunung'unika, nasi wenyewe ni baadhi ya wazazi hao.

Okot alituachia njia ya kufuata, na haihitaji fedha. Alizunguka akikusanya nyimbo za Waacholi, akaziandika na kuzitolea kitabu mwaka 1974. Mwalimu wa Shianda, wa Voi au wa Lodwar anaweza kumtuma mwanafunzi nyumbani likizoni akalete wimbo mmoja wa nyanya yake, uandikwe kwa lugha yake, ufasiriwe kwa Kiswahili, ujadiliwe darasani, hata ukosolewe. Kiswahili hakitapoteza kitu. Kimekuwa kikilishwa na lugha hizo tangu zamani, na kikikaa bila jirani zake kitanyong'onyea.

Mimi nimeanza kwa kuchelewa. Likizo iliyopita niliwapeleka wanangu Shianda, nikawaketisha kwa bibi yao jioni, nikawakataza kumjibu kwa Kiingereza. Siku ya kwanza walinyamaza. Siku ya tatu mmoja alimwomba maji kwa Kiwanga, akakosea ngeli, na bibi akamsahihisha huku akicheka. Sitaki kudai kuwa hayo ni mapinduzi. Muhula mmoja wa kwanza tumeumaliza; tuombe uhai tuuone wa pili.