Mitihani ya Rebmann

Jina la Johannes Rebmann hutajwa madarasani kwa sababu ya theluji ya Kilimanjaro aliyoiona mwaka 1848. Laiti tungewafunza wanafunzi wetu pia yale yaliyomfika baadaye! Mmishonari huyu Mjerumani, aliyewasili Mombasa mwaka 1846, alidhihakiwa na wanajiografia wa Ulaya kwa habari ya theluji hiyo, mpaka safari za Karl von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilipothibitisha ukweli wake. Mwenzake Krapf, kwa kuzidiwa na maradhi, aliondoka mwaka 1853. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Waliobatizwa Rabai walikuwa wachache mno, na macho yake yakafifia hadi akapofuka. Hata hivyo hakuiacha kazi. Kamusi ya Kinyasa aliyoikusanya kwa msaada wa mtumwa Salimini ilichapishwa mwaka 1877, yeye akiwa kaburini.

Aliporejea kwao mwaka 1875, alikuwa amekaa huku miaka 29. Anayedhani kwamba Mkristo wa kweli hapatwi na mitihani na ayasome maisha haya. Rebmann alipatwa na mingi, naye aliifanya akiwa kazini.