Carl Larsson na Nyumba ya Rangi

Carl Larsson, mchoraji mashuhuri wa Uswidi, alizaliwa mjini Stockholm tarehe 28 Mei, 1853, katika umaskini mkubwa. Mama yake alifua nguo za watu ili watoto wapate kula. Baba yake alikuwa kibarua, mlevi, tena mkali. Siku moja alimwambia mwanawe kwamba anailaani siku aliyozaliwa. Walihamahama kutoka chumba hiki hata kile, vyote vya giza na uchafu, pengine familia tatu chumba kimoja. Msomaji na ayakumbuke maisha hayo, maana ndiyo yanayoeleza mengi yaliyofuata.

Alipotimiza miaka 13, mwalimu wake katika shule ya maskini alimhimiza aombe nafasi katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme, akakubaliwa. Baadaye alichorea magazeti, kisha akaenda Ufaransa, ambako alihangaika miaka kadhaa bila kufanikiwa. Mwaka 1882, katika kijiji cha Grez, alikutana na Karin Bergöö, mchoraji kama yeye, aliyesoma chuo kile kile. Walioana mwaka 1883, wakazaa watoto wanane.

Mwaka 1888 baba yake Karin aliwapa nyumba ndogo ya magogo katika kijiji cha Sundborn, karibu na Falun. Nyumba za siku zile zilijaa samani nyeusi na mapazia mazito, na baridi ya kule ni ndefu, jua halionekani ila kwa saa chache. Wawili hawa wakaondoa giza lile. Chumba cha kulia walikipaka kijani na nyekundu kali. Sebule wakaifanya nyeupe na buluu. Madirishani mapazia mazito hayakuwekwa, bali vyungu vya maua. Wala hawakutumia fedha nyingi: viti na makabati makuukuu yalipakwa rangi mpya, na vingine alivitengeneza seremala wa kijijini kwa michoro ya Karin. Milangoni Carl alichora sura za watu wa nyumbani.

Katika kiangazi cha mwaka 1894 mvua ilinyesha mfululizo, Carl akakaa bure akinung'unika. Karin akamshauri achore vyumba vyao. Picha hizo za rangi ya maji zilitolewa kitabuni mwaka 1899, na kitabu kingine kilichotoka Ujerumani mwaka 1909 kilinunuliwa upesi na maelfu ya watu. Wengi walianza kuziiga rangi zile majumbani mwao.

Sifa zote alipewa Carl, na hilo naona halikuwa haki. Karin aliacha kuchora picha baada ya kuolewa, lakini vitambaa vya meza, mito na mazulia yenye rangi kali yanayoonekana katika picha za mumewe, yeye ndiye aliyevisuka na kuvitarizi. Raha nayo haikuwa ya siku zote: mtoto mmoja alikufa mchanga, na Ulf alifariki mwaka 1905 akiwa kijana wa miaka 18.

Carl alifariki Januari 1919, na Karin mwaka 1928. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilipofanya maonyesho yao mwaka 1997, majina yote mawili yaliandikwa pamoja. Nyumba ya Sundborn ingali mikononi mwa wajukuu na vitukuu wao, na wageni huingia kuitazama.