Theophrastus: Mwanafalsafa aliyetambua uadui wa mimea shambani

WATAALAMU wa kilimo wanapozungumzia mimea yenye harufu kali inayozuia magugu kuota, wanaendeleza hoja iliyoandikwa nchini Ugiriki yapata miaka 2,300 iliyopita.

Mwandishi wake ni Theophrastus, ambaye wengi humtambua kuwa baba wa elimu ya mimea.

Alizaliwa karibu mwaka wa 371 Kabla ya Kristo (KK) katika mji wa Eresos, kisiwani Lesbos. Babake, Melantas, alikuwa fundi wa kusafisha vitambaa vya sufu. Jina lake la kwanza lilikuwa Tyrtamus. Inasimuliwa kwamba ni Aristotle aliyembandika jina la Theophrastus kutokana na ufasaha wake.

Aristotle alipoondoka Athens mwaka wa 323 KK, shule yake ya Lyceum iliachwa mikononi mwa Theophrastus, naye akaiongoza kwa takriban miaka 35.

Mwanafalsafa huyu hakutosheka na mijadala ya wasomi. Alikusanya maarifa ya wakulima, wakata miti, wachimbaji wa mizizi ya dawa na wafuga nyuki. Hawa wa mwisho walikuwa wakitazama maua ya zaatari, kiungo kinachonukia vilimani Ugiriki, ili kubashiri iwapo asali ingekuwa nyingi. Aliposimuliwa jambo asilolishuhudia, aliandika wazi kuwa ndivyo watu walivyosema.

Katika kitabu chake cha uchunguzi wa mimea, alieleza kwamba dengu, zile nene za rangi ya manjano, huangamiza magugu, na gugu la kwanza kufa ni mbigili. Hata hivyo, hakuficha kasoro yake: dengu huichosha ardhi. Maharagwe nayo yaliirutubisha, na ndiyo sababu wakulima wa Macedonia na Thessaly waliyafukia kwa jembe yakiwa bado yamechanua.

Aliandika pia kuwa baadhi ya mimea hudhuru jirani zake kwa nguvu ya utomvu na harufu. Mfano wake ulikuwa mzabibu. Ukipandwa karibu na kabeji au mti wa laureli, ambao majani yake hutiwa mapishini, chipukizi lake hujipinda na kuelekea kwingine, kana kwamba linaikimbia harufu hiyo.

Maisha yake hayakuwa ya raha tupu. Kwa kuwa hakuwa raia wa Athens, sheria haikumruhusu kumiliki ardhi, hadi mwanafunzi wake, mtawala Demetrius wa Phalerum, alipomsaidia kupata bustani. Aliwahi kushtakiwa kwa kuikosea heshima miungu, akaachiliwa. Baadaye ikapitishwa sheria ya kuwadhibiti wakuu wa shule za falsafa. Akaondoka mjini, na kurejea mwaka uliofuata baada ya sheria hiyo kubatilishwa.

Alifariki karibu mwaka wa 287 KK. Wosia wake uliagiza kwamba bustani isiuzwe, bali marafiki zake waitumie kwa pamoja, naye azikwe humo bila gharama za kupindukia. Watumwa wawili, Manes na Callias, wangepata uhuru baada ya kuitunza kwa miaka minne bila lawama.

Vitabu vyake vya mimea vilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 15, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka wa 1483. Hata hivyo, uadui aliouona kati ya mimea haukupata jina la kisayansi hadi mwaka wa 1937, Hans Molisch wa Vienna alipouita alelopathia.

Leo inajulikana kwamba zaatari, rosemari na oregano zina mafuta yenye kemikali kama thaimoli, kavakroli na sineoli, ambazo huweza kuzuia mbegu kuota. Watafiti nchini Ugiriki wamejaribu kufukia oregano udongoni kabla ya kupanda mahindi ili kupunguza magugu.

Lakini mafuta hayo hayabagui. Yanaweza kuikandamiza mbegu ya mkulima sawa na ya gugu, jambo ambalo mfano wa mzabibu ulikwisha kulidokeza. Anayetaka kuyatumia hana budi kujua kiasi, wakati na zao linaloweza kuyastahimili.

Hapa Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na washirika wake kimetumia kanuni iyo hiyo tangu miaka ya 1990. Mmea wa desmodium hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi wa kutoboa mabua, nayo mizizi yake hutoa kemikali zinazolifanya gugu la striga, maarufu kama kayongo, lichipuke na kufa kabla ya kuishika mizizi ya mahindi.

Desmodium ni wa jamii ya kunde, kama zilivyo dengu ambazo Theophrastus aliandika kuwa huiua mbigili.