Al-Mu'tamid: mfalme wa Seville aliyezikwa kama mgeni

Si maskini tu wanaopoteza nchi yao. Karibu miaka elfu moja iliyopita, mfalme aliyekuwa na majumba na jeshi alimaliza maisha yake uhamishoni, ng'ambo ya bahari.

Muhammad ibn Abbad, maarufu kwa jina la al-Mu'tamid, alizaliwa mwaka 1040 katika mji wa Beja, ambao leo uko Ureno. Ukoo wake ulitawala Seville, kusini mwa Hispania. Ukhalifa wa Cordoba ulikuwa umevunjika mwaka 1031, na miji mikubwa ya Waislamu ilikuwa na wafalme wake. Wafalme hao walipigana wao kwa wao, huku wakimlipa kodi Alfonso wa Sita, mfalme Mkristo wa kaskazini, ili asiwashambulie.

Al-Mu'tamid alimrithi baba yake mwaka 1069. Alipenda mashairi, na mwenyewe alikuwa mshairi hodari. Inasimuliwa kwamba mkewe I'timad, aliyekuwa mjakazi, alimvutia kwa kumalizia ubeti uliomshinda rafiki yake Ibn Ammar. Rafiki huyo akawa waziri, kisha akamgeuka bwana wake. Al-Mu'tamid alimuua kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1085 Alfonso aliteka Toledo. Kwa hofu, al-Mu'tamid na wafalme wenzake walimwita Yusuf ibn Tashfin, kiongozi wa Almoravid wa Morocco. Alionywa kwamba mgeni huyo angeweza kumpokonya ufalme. Inasimuliwa alijibu kuwa ni heri achunge ngamia Afrika kuliko kuchunga nguruwe kwa Alfonso.

Tarehe 23 Oktoba 1086 majeshi yao yalimshinda Alfonso huko Zallaqa, karibu na Badajoz. Al-Mu'tamid alipigana kwa ushujaa na akajeruhiwa. Yusuf alirudi kwao, lakini ugomvi wa wafalme haukuisha, na watu walichoshwa na kodi nzito. Wanazuoni wakamuunga mkono Yusuf awaondoe. Mwaka 1090 aliichukua Granada. Mwaka 1091 ikawa zamu ya Seville. Baadhi ya wana wa al-Mu'tamid waliuawa katika vita hivyo, naye akatekwa.

Alisafirishwa kwa meli pamoja na familia yake hadi Morocco, akawekwa Aghmat, karibu na Marrakesh, akiwa amefungwa minyororo. Binti zake, waliolelewa katika jumba la kifalme, walisokota nyuzi za watu ili wapate chakula. I'timad alifia huko. Al-Mu'tamid naye alifariki mwaka 1095.

Inasimuliwa kwamba siku ya mazishi watu waliitwa kuja kumsalia maiti mgeni. Jina na cheo havikutajwa.

Hata hivyo, hakusahauliwa. Mashairi aliyotunga Aghmat, ya kuwalilia wanawe na kuikumbuka nchi yake, yanasomwa hadi leo katika ulimwengu wa Waarabu, na kaburi lake bado linatembelewa. Ufalme wake ulidumu miaka 22 tu. Maneno aliyoyatunga akiwa hana kitu yamedumu zaidi ya miaka 900.