Oliver Cromwell: Jemadari na Siku ya Krismasi

Kila inapowadia tarehe 25 Desemba, askari wengi hupangwa zamu ili raia wapate kusali na kula pamoja na jamaa zao kwa amani. Lakini ilikuwako nchi ambayo siku hiyo hiyo askari walitumwa kuwakamata watu kwa kosa la kusali. Nchi hiyo ni Uingereza ya karne ya 17, na jina ambalo watu hulitaja pamoja na habari hiyo ni la Oliver Cromwell. Leo twapenda kuyasimulia maisha yake kwa ufupi, maana mna fundisho ndani yake kwa kila avaaye sare ya serikali.

Cromwell alizaliwa tarehe 25 Aprili 1599 katika mji wa Huntingdon, mashariki ya Uingereza. Jamaa yake haikuwa maskini, wala haikuwa ya wakuu wa nchi. Baba yake alifariki mwaka 1617, naye akaacha masomo ya Cambridge akarudi kwao. Mwaka 1620 alioa, akaishi kwa kilimo na mifugo. Baadaye imani ilimwingia kwa nguvu, akawa mmoja wa Wapuritani, yaani Wakristo waliotaka kulisafisha Kanisa na kila desturi isiyoagizwa na Biblia.

Krismasi ilikuwa miongoni mwa desturi hizo. Wapuritani walisema kwamba Biblia haitaji siku aliyozaliwa Yesu, na kwamba Waroma wa kale walikuwa na karamu za mungu wao Saturn katika mwezi wa Desemba. Tena orodha ya kale iliyoandikwa Roma mwaka 354 yaitaja tarehe 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa Kristo, na hiyo hiyo kuwa siku ya Jua Lisiloshindwa. Kwa Wapuritani, basi, Krismasi ilikuwa upagani uliovishwa kanzu ya Kikristo, na ulevi na kamari za sikukuu zikawa ushahidi wao.

Wakristo wengine hawakukubali. Wao waliona kwamba Kanisa lina haki ya kutenga siku ya kumshukuru Mungu, na kwamba hata kama wapagani waliitumia siku hiyo kwanza, siku zote ni za Muumba. Wako pia waliosema kwamba tarehe hiyo ilipatikana kwa kuhesabu miezi tisa tangu 25 Machi, siku ya Malaika kumpasha Mariamu habari. Wataalamu wangali wanajadiliana juu ya asili hiyo hata leo.

Mwaka 1642 vita vilizuka baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Cromwell, aliyekuwa mbunge, alikuwa na umri wa miaka 43 na hakuwa amepata kuwa askari. Alikusanya kikosi cha wapanda farasi, akawachagua watu kwa imani na uhodari wao kuliko kwa ukoo wao, akawafundisha nidhamu kali. Kwa askari hao Bunge lilishinda Marston Moor mwaka 1644 na Naseby mwaka 1645.

Wakati huo Bunge lilikuwa likibadili ibada za Kanisa. Mwezi wa Juni 1647 lilitoa amri ya kuzifuta sikukuu za Krismasi, Pasaka na Pentekoste, na badala yake watumishi wakapewa mapumziko Jumanne ya pili ya kila mwezi. Hapa yafaa tuseme kweli: amri hiyo haikutungwa na Cromwell, bali na Bunge. Hata hivyo yeye aliiunga mkono njia hiyo, na alipotawala hakuifuta.

Matokeo yalionekana upesi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1647, katika mji wa Canterbury, Meya aliamuru soko lifunguliwe kama siku yoyote. Watu walikasirika, wakawashambulia wenye maduka waliofungua, na Meya mwenyewe akaangushwa chini. Chuki hiyo ikachangia maasi ya jimbo la Kent mwaka 1648, ambayo Jemadari Fairfax aliyashinda huko Maidstone tarehe 1 Juni kwa kumwaga damu.

Mfalme aliuawa tarehe 30 Januari 1649. Mwaka huo huo Cromwell aliivamia Ireland, na mauaji ya mji wa Drogheda yakalitia jina lake doa lisilofutika. Tarehe 16 Desemba 1653 alitawazwa kuwa Mlinzi Mkuu wa nchi. Aliwaachia uhuru Waprotestanti wa madhehebu mengi, na tangu mwaka 1656 Wayahudi waliruhusiwa kuishi nchini kwa amani. Lakini Wakatoliki, na wale walioshika ibada ya zamani ya Kianglikana, hawakuonjeshwa uhuru huo kwa ukamilifu.

Tarehe 25 Desemba 1657 askari waliizingira kanisa moja dogo la London wakati wa komunyo. Miongoni mwa waumini alikuwamo mwandishi mashuhuri John Evelyn. Waumini walipokea sakramenti huku bunduki zimewaelekea, kisha wakazuiwa na kuhojiwa na maofisa. Evelyn akaachiliwa, maana kosa lake lilikuwa sala tu.

Cromwell alifariki tarehe 3 Septemba 1658. Ufalme uliporudi mwaka 1660 Krismasi ilirudi nao, kwa kuwa haikuwa imetoka mioyoni mwa watu. Mwaka 1661 maiti yake ilifukuliwa ikatundikwa kama ya mhalifu. Nao waliotenda hayo hawakuonyesha huruma kuliko yeye.

Hata sasa wako Wakristo wasioiadhimisha Krismasi kwa sababu ya asili yake, nao wa Ethiopia huiadhimisha tarehe 7 Januari. Sisi hatuamui nani ana haki. Tunaloliona ni kwamba jemadari aliyeyashinda majeshi ya mfalme hakuweza kuishinda sala ya jirani yake. Kazi ya askari ni kumzuia mtu asimdhuru mwenzake. Anayesali na anayekataa kusali siku hiyo, wote wawili wako chini ya ulinzi wake.